Siku 28 za Likizo

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo isiyopungua siku 28 mfululizo kila mwaka, huku mshahara wake ukiendelea. Hilo tunalifahamu sote. Lisilofahamika sana, mpaka siku ya kujaza fomu mbele ya ofisa utumishi, ni kwamba sikukuu zikiangukia ndani ya siku hizo huhesabiwa humo humo. Basi yule anayeanza likizo yake tarehe 1 Desemba huku akijiona mwerevu, ataikuta Sikukuu ya Uhuru imemezwa, Krismasi imemezwa, na Boksingi Dei imekwenda pamoja nazo. Lakini mwenye watoto shuleni atafanyaje? Desemba ndio mwezi ambao nyumba nzima hukutana chini ya paa moja.

Mimi ni mmoja wa watu hao wa Desemba. Kwetu ni Bukoba, na msomaji anayeijua njia hiyo ataelewa nikisema kwamba kwa miaka mingi likizo yetu ilianzia na kuishia ndani ya basi. Nauli za watu watano, kwenda na kurudi. Zawadi za mashangazi na wajomba. Mchango wa harusi ambayo ilikuwa ikikusubiri wewe ufike ndipo ifanyike. Halafu Januari unarudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka.

Mwaka uliopita, tulipokuwa tukipiga hesabu hizo, mke wangu aliuliza swali moja tu. "Kwa nini watu watano wamfuate mtu mmoja? Mtu mmoja akiwafuata watu watano kuna ubaya gani?"

Mtu mmoja huyo ni mama yangu, ambaye sote nyumbani humwita Bibi kwa kuwafuata watoto. Umri wake unakaribia miaka 80, macho yake bado yanatunga uzi katika sindano, na shamba lake la migomba halijapata kuachwa hata juma moja. Alikubali kuja, kwa sharti moja alilolitamka kwenye simu kwa sauti ya kuwasikilizisha hata majirani zake: hatakuja Dar es Salaam kufungiwa ndani kama kuku wa kisasa.

Sharti hilo lilitushika. Mtu anakaa katika jiji hili miaka ishirini na zaidi, analijua kwa vituo vya daladala na foleni za magari, lakini mgeni akimwambia "nionyeshe mji wako" atamtajia Feri, Kariakoo na ufuko wa bahari, kisha anyamaze. Wengi wetu tunaishi mjini kama wapangaji wa nyumba ya wageni: tunalala, tunaondoka kabla ya jua, tunarudi kulala. Wageni kutoka Ulaya na Japani huvuka bahari kuja kutazama picha zetu na kusikiliza ngoma zetu, nasi tunawapisha njiani tukiwahi kazini.

Tukaichukua kalenda iliyokuwa inakwisha, tukaigeuza upande wa nyuma, tukaandika. Nauli ya Bibi. Mahitaji ya shule ya Januari. Unga, mafuta, gesi. Na mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa mke wangu, neno moja: Kutoka. Fedha iliyosalia baada ya nauli za watu wanne kufutwa iligawanywa, nusu ikaenda benki, nusu ikawekwa kwenye mstari huo. Jirani yetu, fundi mitambo mstaafu ambaye namheshimu sana kwa hesabu zake, aliiona karatasi hiyo mezani, akaweka kidole juu ya neno la mwisho. "Hapa ndipo mfuko ulipotoboka," alisema.

Tulianza na lililo la lazima. Mwanetu mkubwa anasoma bweni huko Makete, na anayepajua Makete hahitaji kuelezwa habari ya baridi yake. Koti la dukani lilikuwa na bei ya kuogopesha, kwa hiyo tukaenda Soko la Karume, Ilala, mahali ambapo wafanyabiashara walirudi kusimamisha meza zao baada ya moto wa Januari 2022. Mitumba ina wapinzani wake, na hoja zao juu ya viwanda vyetu vya nguo nazikubali kwa sehemu kubwa. Lakini wasomaji wa rika langu wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, nguo ilipokuwa kitu cha foleni, na kanga doti moja ilikuwa habari ya kupelekeana kwa siri. Aliyepitia hayo hawezi kuidharau sana meza ya mitumba.

Ustadi wa mitumba ni kufika belo linapofunguliwa. Mke wangu ana ustadi huo. Alitoka na koti zito la buluu, vifungo vyote vikiwapo, kwa bei ndogo kuliko ya viatu vya shule. Usiku, alipokuwa akilikagua kabla ya kulifua, alitoa kwenye mfuko wa ndani kijikaratasi kigumu kilichochanwa upande mmoja. Binti yetu, ambaye simu ndiyo kamusi yake, akakifasiri: maneno ni ya Kijerumani, ni tiketi ya onyesho la muziki la mwaka 2011, safu ya 14, kiti cha 9.

Kipande kile kilizunguka mezani kwa muda mrefu. Mtu ambaye hatutamjua kamwe aliketi kwenye kiti cha 9, akasikiliza muziki, kisha akaweka tiketi ndani ya koti badala ya kuitupa. Akaivaa kumbukumbu hiyo msimu baada ya msimu mpaka koti likaingia kwenye belo. Watoto walitaka kujua tiketi zetu sisi ziko wapi. Mke wangu aliwajibu kwamba za baba yao na yeye hazikuwa karatasi, zilikuwa muhuri wa wino kwenye kifundo cha mkono, na ulitoka siku ile ile kwa sabuni ya kufulia. Akanitazama. Nikaelewa kwamba Boksingi Dei tunakwenda dansini.

Ndugu msomaji, habari ya viingilio ina mambo yake na sitaki kuipita mbio. Miaka miwili kabla ya hapo tulinunua tiketi za onyesho la kijana mmoja mwenye jina kubwa, ambalo nalihifadhi. Tiketi iliandikwa saa 2 usiku. Saa 5 jukwaa lilikuwa bado linapigiliwa misumari. Mwenyewe alitokea saa 8, akaimba nyimbo nne juu ya sauti yake iliyorekodiwa, mdomo ukiwa mbali na kipaza sauti na wimbo ukiendelea vile vile, kisha akatoweka. Waliolipa viti vya mbele vya gharama waligundua kwamba tofauti yao na sisi wa nyuma ilikuwa rangi ya plastiki. Maandalizi ya namna hiyo yanawafundisha watu kwamba tiketi ni kamari, na dhambi hiyo huwaangukia hata wanamuziki wanaofika kwa wakati.

Sasa mweke pembeni kijana huyo, uitazame Msondo Ngoma. Bendi hiyo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Ikaja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Na jina la Msondo, ambalo wapenzi walilitumia muda mrefu, ndilo lililobaki. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa kulipwa mshahara, na magitaa na matarumbeta vilikuwa mali ya mwajiri, kama cherehani ilivyo mali ya kiwanda. Marehemu Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba humo tangu mwanzo, akaondoka kwenda Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978, na baada ya kuzunguka akarudi Msondo. Mpangilio ule ulikuwa na kasoro zake, na malalamiko ya mishahara midogo yalikuwa mengi, maana ndiyo yaliyowafanya waimbaji kuhama bendi kila mara. Lakini ulibeba wazo ambalo sijaona wazo bora kuliko hilo: kwamba mpiga besi ni mfanyakazi, na kazi yake ina malipo.

Ndiyo maana tabia moja ya kumbini huniudhi. Mtu ana fedha ya soda, ana fedha ya mishikaki, ana fedha ya teksi ya kumrudisha nyumbani, lakini pale mlangoni anataka apite kwa kuwa anafahamiana na mpiga tumba. Angekwenda kwa mwuza mishikaki akaomba vijiti viwili kwa kufahamiana? Boksingi Dei hiyo nilihesabu watu saba waliopita namna hiyo wakati sisi tumesimama kwenye mstari. Jukwaani walikuwapo watu zaidi ya kumi, na kiingilio cha watu saba kingemlipia mmoja wao nauli ya kurudi kwake usiku.

Dansi lenyewe lilikuwa zuri. Matarumbeta yalipoanza kujibizana na saksafoni, mke wangu, ambaye alikuwa amelalamikia miguu tangu asubuhi, aliisahau miguu. Tulirudi saa 7 usiku tukamkuta Bibi macho, akitaka kuelezwa kila kitu, pamoja na kiingilio.

Msomaji wa Unguja ataniuliza mbona sitaji tamasha la Sauti za Busara, ambalo lilianza mwaka 2004 na huwakusanya wanamuziki wa Afrika katika Ngome Kongwe kila Februari. Nalitaja kwa jambo moja. Mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika, kwa sababu fedha zilikosekana. Jukwaa lililozoeleka kwa zaidi ya miaka kumi lilikosa kusimama mwaka mzima. Watu walishangaa kana kwamba muziki huota wenyewe kama majani ya mvua.

Turudi kwa Bibi, maana yeye hakuja kwa ajili ya dansi. Kabla ya Krismasi tulikuwa tumempeleka Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Mahali hapo pamekuwapo tangu miaka ya 1960, na pamejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu, kila moja kwa vifaa vya kwao. Raia hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa kutoka nje. Watoto wangu walikuwa wamepita mbele ya lango lile kwa daladala mara nyingi zisizohesabika.

Bibi alizitazama nyumba za wengine kwa adabu, kama mtu anayepita kwenye maboma ya watu. Alisimama kidogo kwenye tembe la Wagogo, akashangaa udongo juu ya paa. Lakini alipofika kwenye msonge wa Wahaya, ile nyumba ya mviringo ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, hakusema neno. Aliinama, akaingia. Tukamfuata. Humo ndani, katika giza lile la kijivu, aliwaonyesha wajukuu kila kitu kwa kidole: hapa ndipo moto ulipokaa, hapa wageni, huku watoto, na upande ule ng'ombe, maana ng'ombe walilala ndani na joto lao lilikuwa blanketi letu. Akasema nyasi za sakafuni zilitakiwa ziwe mbichi na nyingi zaidi, na kwamba aliyeezeka pale juu alikuwa na haraka. Mwongozaji wa makumbusho, kijana mstaarabu, aliacha maelezo yake akawa msikilizaji kama sisi.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya bati. Msonge nilikuwa nikiusikia tu. Nilitambua pale, nikiwa nimeinama nyuma ya wanangu, kwamba katika safari zote za Bukoba, pamoja na nauli zote zile, sikuwahi kumsikia mama yangu akisimulia utoto wake kwa saa nzima bila kukatizwa na mgeni, msiba au chungu jikoni.

Jioni jirani yetu alikuja kumwamkia Bibi. Mazungumzo yalifika kwenye viingilio, naye akasema lile ambalo wengi husema: kwamba zamani vijijini sanaa ilikuwa bure, mtu alipiga ngoma yake watu wakacheza, na haya mambo ya tiketi ni uzushi wa mjini. Alitazamia Bibi amuunge mkono.

"Bure?" Bibi alisema. "Nani alikwambia, baba?" Akamweleza habari za mpiga nanga wa kwao, mtu wa kuimba mashujaa na watemi usiku kucha huku vidole vyake vikitembea juu ya nyuzi. Mtu huyo hakuketi mpaka kibuyu cha rubisi kimewekwa mbele yake. Akiimba vizuri alipewa cha kuondoka nacho, na mwenye nyumba aliyemwachia aende mikono mitupu aliogopa, kwa sababu wimbo unaofuata ungeimbwa katika nyumba nyingine na jina lake lingekuwamo. "Hiyo ndiyo tiketi yetu," Bibi alisema. "Ila sisi tuliilipa wote, aliyeleta ndizi na aliyeleta kuni."

Jirani alicheka, akakubali kikombe cha pili cha chai. Kwenye hesabu hakukubali.

Ikabaki fedha kidogo kwenye mstari wa Kutoka, na siku chache kabla ya Bibi kuondoka tukaenda Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Mdogo wetu alikuwa ametarajia kuona trekta, na alikata tamaa kidogo alipoelezwa kwamba hilo ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kama wengine wote. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa, zile zile za kupakia baiskeli, juu ya mbao nyembamba za dari, na kuziuza nje ya Morogoro Stores. Hakupata miaka mingi. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Jamaa na wanafunzi wake waliendeleza mkono wake, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikaandikishwa.

Sitamficha msomaji kwamba picha nyingi zinazouzwa siku hizi kwa jina hilo zinanichosha: tembo yule yule, mlima ule ule, machweo yale yale, kana kwamba zimepigwa muhuri. Mchoraji atakwambia kwamba hicho ndicho wanachotaka wanunuzi, na wanunuzi ni wageni wenye siku mbili. Sisi tunaoweza kumwambia achore kitu kingine hatufiki dukani kwake.

Mke wangu, ambaye Kariakoo wanamwogopa, alianza kuteremsha bei ya picha ya ndege wawili. Mchoraji hakukasirika. Alimhesabia: ubao, rangi, siku ya kupaka rangi ya nyuma na kuiacha ikauke, siku ya kuchora umbo, siku ya madoa na mistari, na chakula chake katika siku hizo tatu. Mke wangu alizigawa fedha kwa siku hizo kichwani, akaona kinachobaki hakifiki ujira wa kibarua wa ujenzi, akafungua pochi. Nilimwona akinyamaza njia nzima ya kwenda kwenye benchi alikoketi Bibi.

Kumbe Bibi naye alikuwa na shughuli yake. Alikuwa akizungumza na mchoraji kijana kuliko wote, akitaka msonge. Si tembo, si twiga: msonge, na ng'ombe wa kwao mbele ya mlango. Kijana alimchorea kwa penseli juu ya karatasi. Bibi aliitazama, akasema nyumba ni nzuri lakini pembe hizo ni za mbuzi. Kijana akazirefusha. Bibi akasema bado. Zikarefushwa mpaka zikakaribia kutoka nje ya karatasi, ndipo akafungua fundo la kanga yake, akatoa fedha zake za kahawa, na kulipa alichoambiwa bila kupunguza hata shilingi.

Picha ilikauka siku moja kabla ya safari. Aliisafirisha mwenyewe, imefungwa katika kanga mbili, akiwa ameipakata tangu kituo cha mabasi cha Mbezi, na akakataa katakata isiwekwe kwenye buti. Habari za karibuni kutoka Bukoba ni kwamba imetundikwa juu ya mlango wa sebuleni, na kila anayeingia huulizwa kwanza, kabla ya kupewa kiti, kama pembe zinatosha.